Vidonge vya macho, mafuta ya samaki au mboga za majani: kipi kimfae mzee wako?

Mama mmoja alikuja dukani kwetu Tanga, akaniwekea kopo juu ya kaunta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nisomee hili. Kijana wangu kaniletea kutoka Marekani. Nimemeza mpaka vinakaribia kwisha, mbona ukungu hautoki?"

Nikaligeuza. Vidonge 120, vimebaki kama 20. Viwili kwa siku, maana yake amemeza siku hamsini hivi bila kukosa. Lebo ilikuwa sawasawa: vitamini C, vitamini E, luteini na zeaksanthini (rangi za asili za mboga), zinki, shaba. Mali halisi, haina ubabaishaji. Lakini nilipomwinamia nimwoneshe maandishi, niliiona mboni ya jicho lake la kushoto imepauka, nyeupe kama tui. Yule mama alikuwa na mtoto wa jicho, na vidonge alivyoletewa vilitengenezwa kwa ajili ya ugonjwa mwingine kabisa.

Watu wa namna hii nawahudumia kila mara. Anakuja mzee mwenyewe, au anakuja binti yake na picha ya kopo kwenye simu, anauliza: "Hiki ni kizuri? Au nimnunulie mafuta ya samaki? Au wanasema mboga za majani zinatosha?" Maswali yote matatu ni ya haki, ila jibu linategemea jambo moja ambalo wengi hawajalijua wanapouliza: mzee anaumwa nini hasa.

Kabla ya kulinganisha, jina la ugonjwa

Macho ya mtu mzima yana maadui wanne wakubwa, na mgonjwa mwenyewe huwaita wote "ukungu" au "macho yameisha nguvu".

Mtoto wa jicho ni lenzi iliyochakaa na kuwa nyeupe. Dawa yake ni upasuaji: lenzi hiyo inatolewa na ya bandia inawekwa. Hakuna kidonge, tone wala mafuta yanayoiyeyusha. Anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakupotezea muda na fedha.

Presha ya macho, au glakoma, huua mshipa wa fahamu wa jicho polepole, kuanzia pembeni, bila maumivu mpaka uharibifu uwe mkubwa. Inatibiwa kwa matone ya kushusha presha ya jicho, mionzi ya leza au upasuaji. Watu wenye asili ya Afrika huipata mapema na kwa ukali zaidi, kwa hiyo kwetu ndiyo ya kuogopwa.

Kisukari huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho. Hapo kazi ya kwanza ni kudhibiti sukari na shinikizo la damu, na kupimwa kila mwaka retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.

Wa nne ndiye anayehusika na makopo haya: kuharibika kwa makula kunakoletwa na umri. Makula ni sehemu ndogo katikati ya retina, na ndiyo inayotuwezesha kusoma, kutambua sura na kuingiza uzi kwenye sindano. Ikiharibika, mzee hawi kipofu wa giza totoro. Anamtazama mjukuu, anaona masikio na nywele, lakini usoni pana doa. Anafungua msahafu, herufi za katikati ya mstari zinameza wenzake. Fremu ya mlango aliyoizoea miaka yote sasa anaiona imepinda.

Ugonjwa huu una hatua. Ya awali ni mabaka machache madogo ya njano chini ya retina, yanayoitwa druseni. Ya kati ni druseni kubwa au nyingi, huku mgonjwa bado anaona vizuri. Ya mwisho inakuja kwa sura mbili: ile kavu, ambayo seli za retina zinakufa kidogokidogo, na ile ya majimaji, ambayo mishipa mibovu ya damu inaota chini ya retina na kuvuja. Hatua hizi zishike vizuri, kwa sababu ulinganisho wote unaofuata umesimama juu yake.

Kuna watu wanasema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli kwao umeenea zaidi, lakini utafiti wa Nakuru, Kenya, uliopima watu 4,414 wenye miaka 50 na kuendelea, ulikuta dalili za hatua za mwanzo kwa zaidi kidogo ya mtu 1 kati ya 10, na hatua ya mwisho kwa kama mtu 1 kati ya 100. Tusiufanye wa jirani.

Nitalinganisha kwa vigezo gani

Kila chaguo nimeliuliza maswali manne yaleyale. Je, limejaribiwa kwa watu wengi, kwa miaka, dhidi ya kidonge kisicho na dawa? Linamfaa nani? Lina madhara gani, hasa kwa mtu anayetumia dawa nyingine? Na je, familia itaweza kulibeba kwa miaka? Swali hilo la mwisho watu hulisahau. Ugonjwa wa makula hauna dozi ya wiki mbili.

Vidonge vya AREDS2

*Ushahidi.* Hapa kuna kazi kubwa iliyofanyika. Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani ilianza miaka ya 1990 utafiti ulioitwa AREDS, ikawafuatilia maelfu ya watu wazima kwa miaka, na matokeo yakatoka mwaka 2001. Miongoni mwa waliokuwa katika hatari kubwa, yaani wenye hatua ya kati au ambao jicho moja tayari lilikuwa limefika hatua ya mwisho, hesabu ilikuwa hivi: kati ya watu 100 waliomeza kidonge kitupu, 28 walifika hatua ya mwisho ndani ya miaka 5. Kati ya 100 waliomeza mchanganyiko kamili, walifika 20. Watu wanane kwa kila mia waliokolewa, au walau walicheleweshewa. Matangazo hupenda kusema "asilimia 25", na si uongo, ila mimi napenda kuwahesabia watu vichwa, mtu aone ananunua nini.

Waliokuwa na hatua ya awali tu, au hawana ugonjwa, hawakuonekana kufaidika. Mtoto wa jicho haukuguswa kabisa.

Utafiti wa pili, AREDS2, ulianza 2006 kwa watu 4,203, na matokeo yakatangazwa 2013. Ndio uliotupa mchanganyiko unaopendekezwa leo kwa siku: vitamini C miligramu 500, vitamini E yuniti 400, luteini miligramu 10, zeaksanthini miligramu 2, zinki miligramu 80 na shaba miligramu 2. Zinki ya miligramu 25 ilijaribiwa pia, na tofauti ya wazi haikuonekana.

Uchambuzi mpya wa takwimu hizohizo, uliotoka 2024, unaonesha kwamba hata waliofika hatua ya mwisho iliyo kavu, ilimradi kovu halijagusa katikati ya makula, walipata nafuu: kovu lilisogea kuelekea katikati kwa mwendo mdogo zaidi, kwa takriban asilimia 55 katika miaka mitatu. Ni habari njema, ingawa imetokana na kupekua upya data za zamani, kwa hiyo haina uzito sawa na jaribio lililopangwa kwa swali hilo tangu mwanzo.

Katika yote hayo, hakuna mahali ambapo vidonge vimerudisha uwezo wa kuona uliokwisha potea. Kazi yake ni kuzuia usipotee zaidi.

*Anayefaa.* Mwenye hatua ya kati, au aliyeharibikiwa jicho moja na anataka kulilinda la pili, na ameambiwa hivyo na mtaalamu aliyemtazama retina kwa kifaa baada ya kutanua mboni.

*Tahadhari.* Hizi si pipi. Zinki miligramu 80 ni mara kumi ya mahitaji ya mwanamke kwa siku, na ni maradufu ya kiwango cha juu cha miligramu 40 kilichowekwa Marekani kwa matumizi ya kawaida. Zinki nyingi inazuia mwili kunyonya shaba na inaweza kuleta upungufu wa damu, ndiyo maana shaba imewekwa humo. Katika utafiti wa kwanza, waliomeza zinki walilazwa hospitali zaidi kwa matatizo ya njia ya mkojo: asilimia 7.5, dhidi ya 4.9 ya wengine. Babu mwenye tezi dume atazamwe kwa makini hapa. Vitamini E ya yuniti 400, ikimezwa peke yake kila siku, iliongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 katika utafiti mkubwa wa Marekani ulioripotiwa 2011. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarini asianze bila daktari wake kujua. Na mzee akiandikiwa siprofloksasini au doksisaiklini, asivimeze pamoja na zinki, maana zinki inaishika dawa tumboni isifanye kazi. Atenganishe saa kadhaa, na amuulize mfamasia ratiba.

Wengi hulalamika kichefuchefu. Mara nyingi ni kwa sababu wamemeza asubuhi tumbo tupu. Wameze wakiwa wamekula.

*Gharama.* Kwa chapa nyingi ni vidonge viwili kwa siku. Kopo la 60 ni mwezi mmoja, kwa hiyo makopo 12 kwa mwaka, na 60 kwa miaka ile mitano ya utafiti. Kwetu hupatikana zaidi maduka makubwa ya dawa mijini, au huletwa na ndugu walio nje. Ukinunua, acha picha ya jicho iliyochorwa mbele, geuza kopo usome tarakimu. Nimeshika makopo mengi yameandikwa "afya ya macho" huku ndani mna luteini miligramu 2 na zinki kiduchu. Hicho sicho kilichojaribiwa.

Vidonge vya fomula ya zamani, vyenye beta-karotini

Bado vipo sokoni na bado vinaletwa kwenye mabegi, kwa hiyo lazima nivitaje.

*Ushahidi.* Ndivyo vilivyotoa yale matokeo ya 2001, yaani vina faida ya kweli kwa hatua ya kati. Tofauti ni kwamba mahali pa luteini na zeaksanthini pana beta-karotini miligramu 15, ile rangi ya machungwa ya karoti na maembe ambayo mwili huigeuza vitamini A. Ufuatiliaji wa miaka 10 uliotangazwa 2022 ulikuta waliopewa luteini na zeaksanthini walifika hatua ya mwisho kwa uchache wa kama asilimia 20 wakilinganishwa na waliopewa beta-karotini.

*Tahadhari.* Hapa naomba usome taratibu. Mwaka 1994, utafiti wa Finland kwa wanaume wavutaji 29,133 ulionesha kwamba waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Mwaka 1996 utafiti wa Marekani uliowahusu wavutaji na waliofanya kazi kwenye asbesto ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu hiyohiyo, ongezeko la asilimia 28. Kisha kwenye AREDS2 wenyewe, waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu asilimia 2.0, na wasiopewa 0.9. Wengi wao walikuwa watu walioacha sigara zamani. Kwa hiyo "nimeshaacha" haitoshi kumtoa mtu hatarini.

*Anayefaa.* Asiyewahi kuvuta maisha yake yote, aliye katika hatua ya kati, na aliye nacho tayari mkononi, anaweza kukimaliza kwa ushauri wa daktari. Mwingine yeyote sioni sababu ya kukichagua wakati kile cha luteini kipo.

*Gharama.* Wakati mwingine ni rahisi kidogo kuliko kile kipya, na unafuu huo ndio unaowanasa watu.

Watu hunirudia na swali: basi maembe, karoti, viazi lishe na mawese ya Kigoma navyo ni hatari kwa mvutaji? Hapana. Madhara yalionekana kwenye vidonge vya dozi kubwa. Ale chakula chake.

Mafuta ya samaki

*Ushahidi.* Hapa matumaini yalikuwa makubwa, kwa sababu watu wanaokula samaki mara kwa mara huonekana kuwa na macho yenye afya zaidi uzeeni. AREDS2 ikajaribu kuongeza omega-3, yaani yale mafuta ya samaki yenyewe, miligramu 650 za aina iitwayo EPA na 350 za iitwayo DHA, juu ya mchanganyiko wake. Haikuongeza kitu. Mwaka 2020 yakaja matokeo ya VITAL, utafiti wa Marekani wenye watu 25,871 waliomeza omega-3 au vitamini D kwa miaka mitano hivi. Wala haukuonesha kwamba zinazuia ugonjwa wa makula usianze.

*Anayefaa.* Aliyeandikiwa na daktari kwa sababu nyingine, kwa mfano mafuta mengi kwenye damu. Kwa ajili ya makula peke yake, sijaona ushahidi wa kumshauri mtu atoe fedha yake.

*Tahadhari.* Dozi kubwa zimehusishwa na mapigo ya moyo kwenda ovyo, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwambie daktari wake.

*Gharama.* Kopo zuri ni ghali. Kwa bei yake unapata dagaa wa familia nzima kwa siku nyingi, na dagaa wanakuja na protini na kalisi ambazo kopo halina.

Multivitamini ya kawaida

*Ushahidi.* Madaktari wanaume 14,641 wa Marekani, wenye miaka 50 na zaidi, walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka 11. Waliomeza multivitamini ya kila siku walipata mtoto wa jicho kwa asilimia 9 pungufu. Kwa makula hawakupata faida. *Anayefaa* ni mzee asiyekula vizuri: aliyeng'oka meno, anayeishi peke yake, anayeshindia chai na mkate. *Tahadhari* ni chache kwa dozi ya kawaida, ila aliye kwenye AREDS2 ahesabu jumla ya zinki na vitamini E asije akarundika, na mvutaji atazame kama beta-karotini imo. *Gharama* ni ndogo kuliko vyote vilivyotangulia.

Hapa niweke pia vidonge vya luteini peke yake, bilberi na ginko. Viko kwenye rafu, vinanunuliwa sana. Hakuna hata kimoja chenye jaribio la kulinganisha na AREDS2 kwa ukubwa au muda. Mtu mwenye tezi dume asiyetaka zinki nyingi wala vitamini E hujikuta akifikiria luteini peke yake. Ni mazungumzo ya kufanya na daktari wa macho, akijua kwamba anachukua kipande tu cha kile kilichopimwa.

Sahani yenyewe

Nimeliweka hili mwisho kwa sababu nalipenda kuliko yote, na sikutaka mapenzi yaongoze mizani.

*Ushahidi.* Luteini na zeaksanthini mwili hauzitengenezi. Zinatoka kwenye chakula, zinasafiri kwenye damu, zinakwenda kutulia palepale kwenye makula, na ndizo zinazoipa rangi yake ya njano. Huko zinachuja mwanga wa bluu na kupunguza ule uchakavu unaoletwa na oksijeni. Mboga za majani za kijani kilichokolea ndizo ghala lake: spinachi, sukuma wiki, mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga. Gramu 100 za spinachi iliyopikwa zinaweza kutoa luteini miligramu 10 au zaidi, kiasi kilekile cha kidonge. Kiini cha yai kina kidogo, lakini kinanyonywa vizuri mno kwa sababu kimekuja na mafuta yake.

Na hilo la mafuta ndilo wapishi wetu wa pwani walilipatia bila kuambiwa na mtu. Luteini huyeyuka kwenye mafuta. Mchicha uliochemshwa maji matupu ukamwagwa maji, mwili unaambulia kidogo. Kisamvu kilichotwangwa, kikachemshwa mpaka kikaiva, kikatiwa karanga na tui zito, hicho kimefunguliwa kila mlango: kutwanga kumevunja kuta za majani, moto umelainisha, nazi imebeba. Mzee mwenye mafuta mengi kwenye damu apunguze tui, atie kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti. Inatosha kabisa.

Washiriki walewale wa AREDS na AREDS2 walipochunguzwa wanachokula, waliokaribia zaidi mlo wa watu wa Mediterania, wenye mboga, kunde, matunda, samaki na nyama nyekundu kidogo, walifika hatua ya mwisho mara chache zaidi, na samaki alijitokeza kuwa na uzito wake. Lakini huu ni ushahidi wa kutazama, si wa kugawa watu kwa kura. Mtu anayekula vizuri huenda pia anatembea, havuti, na anapima presha yake. Huwezi kutenganisha kwa uhakika.

Pia niseme wazi: zinki miligramu 80 huwezi kuipata mezani, hata ukila nyama, maharage na mbegu za maboga kutwa nzima. Kwa hiyo kwa aliyefika hatua ya kati, sahani haichukui nafasi ya kidonge.

*Anayefaa.* Kila mtu, na hasa aliye hatua ya awali, ambako vidonge havijaonesha faida.

*Tahadhari.* Anayemeza warfarini asibadili ghafla kiasi cha mboga za majani, kwa kuwa vitamini K iliyomo inapunguza nguvu ya dawa. Ale kiasi kilekile kila wiki na aendelee kupima damu. Mwenye figo dhaifu aulize kuhusu potasiamu. Na dagaa wa chumvi au ng'onda si rafiki wa mwenye shinikizo la damu: waloweke, mwaga maji, kisha pika.

*Gharama.* Fungu la matembele sokoni, au mbegu mbili tatu nyuma ya nyumba.

Visivyo ndani ya kopo

Sigara ndiyo inayoongoza katika mambo ambayo mtu anaweza kuyabadilisha mwenyewe. Hakuna kidonge kati ya hivi kinachofidia pakiti ya kila siku. Shinikizo la damu nalo lishushwe.

Na mzee mwenye druseni ajipime nyumbani. Chukua ukurasa wa daftari la hesabu wenye miraba, chora mraba wa sentimita 10, weka nukta katikati. Avae miwani yake ya kusomea, aushike umbali wa sentimita 30 hivi, afunike jicho moja kwa kiganja, atazame nukta. Kisha jicho la pili. Mistari ikianza kupinda au pakatokea shimo, hiyo inaweza kuwa aina ya majimaji, na hapo ni hospitali ndani ya siku chache. Tiba yake ni sindano za ndani ya jicho kama bevasizumabu, dawa ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2013. Ikiwahi inaokoa uwezo wa kuona. Ikichelewa inakuta kovu.

Kwa hali yako

Mzee haoni vizuri na hajapimwa: usinunue chochote kwenye ukurasa huu. Mpeleke kwanza kliniki ya macho. Hospitali za rufaa zina vitengo hivyo, na zipo zenye jina kwa macho kama CCBRT Dar es Salaam, KCMC Moshi na Kikuyu kule Kenya.

Ameambiwa ni mtoto wa jicho: fedha ya kopo iende kwenye upasuaji. Ni presha ya macho: iende kwenye matone, na matone yasikatishwe hata kama haoni tofauti.

Ni makula, hatua ya awali: mboga za majani zenye mafuta, samaki, sigara iachwe, arudi kupimwa kwa ratiba aliyopewa.

Ni makula, hatua ya kati, au jicho moja limeshaharibika: AREDS2 ina hoja ya nguvu, pamoja na sahani. Kama familia haimudu makopo 12 kwa mwaka, sahani na daftari la miraba vibaki, na asijione amehukumiwa. Kumbuka ile hesabu: kati ya mia waliokosa dawa, 72 hawakufika hatua ya mwisho katika miaka ile mitano.

Aliwahi kuvuta: soma kopo, ukiona beta-karotini lirudishe.

Ana tezi dume, anatumia warfarini, au figo zina shida: lebo ya kopo iende kwa daktari kabla kidonge hakijaenda mdomoni.

Ndugu zake hawana ugonjwa, wanataka "kujikinga": hakuna kidonge hapa kilichothibitika kuzuia ugonjwa wa makula usianze. Wapike kisamvu.

Na wewe uliye Houston, London au Maskati, unayetaka kumtumia mama kopo mwezi huu, mwombe kwanza akutumie picha ya karatasi aliyopewa kliniki ya macho. Tafuta humo jina la ugonjwa na hatua yake. Muulize anameza dawa gani nyingine na kama amewahi kuvuta. Akikujibu kwamba karatasi hana, mtumie nauli ya kwenda kuipata, na umwombe mdogo wako amsindikize, kwa sababu atatiwa matone ya kutanua mboni na kwa saa kadhaa hataweza kurudi nyumbani peke yake.